Sanduku Jekundu la Bonane

Bwera, 18 Novemba 2024

Mdogo wangu Emérance,

Salaam nyingi kutoka nyumba hii, ambayo unaijua mpaka pale bati linapovuja. Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Wewe je? Kifua kimepoa? Nasikia mbu wa mashamba ya mpunga huko Mubuku hawana adabu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu unaiacha ilie mpaka ichoke. Muniru, huyu anayeleta mchele wenu sokoni kwetu kwa Fuso yake, ameapa kwamba barua ataiweka mkononi mwako, si kwa jirani.

Bonane inakaribia. Unakumbuka tulivyoianza, mwaka ule ulipofika kutoka Beni? Nilikuambia Krismasi ni yenu, Idi ni yetu, basi Mwaka Mpya tuule pamoja, ndugu na marafiki wote. Ukasema kwenu siku hiyo mnaiita Bonane. Tukaandika majina kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye ungo, kila mtu akachota kwa siri jina la mtu atakayempa zawadi. Jumapili ya kwanza ya Desemba tunachota tena. Jina lako nimeliandika.

Emérance, miaka mitatu ulilala chumba changu cha nyuma. Tuliuza vitenge meza moja. Halafu wiki mbili baada ya Bonane iliyopita ukapanda gari la alfajiri, ukaniachia ufunguo wa chumba juu ya sufuria. Nilikukosea nini? Kama kuna jambo, liseme. Mdomo wangu ni mrefu, najua, lakini masikio pia ninayo.

Dada yako,
Hajara


Mubuku, 27 Novemba 2024

Kwako Mama Hajara,

Salamu. Mimi ni mzima. Kifua kimepoa. Mpunga wa kipande nilichokodi umeanza kuinama, ndege wanatusumbua. Nasalimia nyumba yote.

Asante kwa mwaliko. Sitakuja.

Unauliza ulinikosea nini. Hukunikosea. Mwaka jana ulichota jina langu, ukanipa valizi jekundu la safari, la magurudumu, nikalifungua mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Mtu aliyekimbia vita, analala katika nyumba ya watu, akipewa valizi anaelewa. Mama yangu alinifundisha kwamba mgeni mzuri hangoji kuambiwa mara mbili. Niliondoka kwa heshima ili tusifike kwenye maneno.

Mungu akulipe kwa miaka mitatu ile.

Emérance


Bwera, 2 Desemba 2024

Emérance, mdogo wangu, ukitaka usitake,

Sikuulizi habari ya afya, maana yangu umeimaliza. Umeniita Mama Hajara kama mpangaji anayemwandikia mwenye nyumba! Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe. Halafu nikalia mpaka wateja wakafikiri nimefiwa.

Sikiliza. Miaka mitatu nilikuwa nikiona lile furushi lako, kile kitenge cha manjano chenye ndege. Asubuhi unalifungua, unatoa nguo. Jioni unakunja, unafunga fundo, unalisukuma chini ya kitanda. Kila siku! Roho iliniuma. Nikasema, huyu anaishi kwangu kama mtu aliye kituoni anangoja gari. Nilitaka upate mahali pa kuweka nguo zako zikae.

Nilitaka kabati. Muulize Zedekia seremala. Alikuja ukiwa sokoni, akapima mlango wa chumba cha nyuma, akasema, "Mama, hii kabati haipiti hapa, hata tuikate katikati." Nikaenda Kasese kutafuta kitu kinachopita. Nikaona sanduku, nikachagua jekundu kwa sababu unapenda jekundu. Wazo la safari halikunipitia kichwani hata kidogo. Na nilifurahi ulipolifungua mbele za watu, kwa sababu nilitaka wanisifu. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri.

Nisamehe. Nilikupa sanduku ili ukae, nawe ukalisoma uende. Mwaka mzima! Na mimi nikakununia hapa peke yangu, nasema Emérance amenidharau.

Jana tumechota. Shafik, kaka yangu, alichota jina lake mwenyewe akanyamaza nalo mfukoni, mpaka binti yangu Munirah, aliyekuja kutoka kazini Mweya, alipohesabu vikaratasi na kumkamata. Tukaanza upya. Mwaka huu kuna sheria mpya, nimeitunga mimi: anayetoa zawadi lazima aseme mbele ya watu kwa nini ameichagua. Unajua sababu.

Kikaratasi chako nimekitia kwenye bahasha hii. Nimekibana kwa pini mbili.

Dada yako,
Hajara


Bwera, 18 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Muniru anasema barua alikupa mkononi, ukaitia ndani ya blauzi, ukaendelea kuvuna. Wiki mbili zimepita, na Fuso yake imefika hapa mara nne. Kila ikipiga honi natoka na viatu vya watu wengine.

Sikulazimishi. Nilikuambia nilichokuwa nacho. Nitakuwekea sahani, na kama hukuja, atakula Shafik, ambaye hajawahi kukataa.

Chumba cha nyuma sijampangisha mtu. Watu wanakuja kuuliza, nawaambia kina mwenyewe.

Dada yako,
Hajara


Mubuku, 28 Desemba 2024

Yaya Hajara, dada yangu mkubwa,

Jambo Yaya. Goti linasema nini? Mimi niko vizuri, mgongo tu, tulikuwa tunapiga mpunga tangu tarehe kumi. Nimechelewa kujibu, si kwa sababu ya mpunga. Kila siku nilianza kuandika, nikaona haya.

Nikuambie ya lile furushi. Beni tulikimbia mara mbili. Mara ya kwanza nilitoka na miguu mitupu. Picha moja ya marehemu mume wangu ilibaki ukutani, na rozari ya mama yangu ikabaki msumarini, na nyumba ikaungua. Tangu siku hiyo silali kama nguo hazijafungwa. Si kwamba nilikuwa nangoja kuondoka kwako. Nilikuwa naogopa kuondolewa. Kwa hiyo uliponipa valizi, nilisema moyoni, basi, saa yenyewe ndiyo hii. Sikukuuliza, kwa sababu niliogopa utajibu ndiyo.

Hata hapa Mubuku kila usiku nafunga fundo. Valizi lako liko kwenye kona, na karatasi ya duka haijatoka. Sijawahi kulitia hata soksi.

Nimefungua kikaratasi. Pini zako karibu zinitoe kidole. Kimeandikwa "Hajara". Hiyo ni kura, Yaya, ao ni ujanja wako? Mwandiko naujua.

Sijui kama nitaweza kuingia kwenye nyumba ile nikaangalia watu. Niliwaambia hapa kwamba ulinifukuza. Naona haya ya hilo kuliko yote.

Mdogo wako,
Emérance


Bwera, 3 Januari 2025

Mdogo wangu Emérance,

Natumaini ulifika salama na mgongo umepoa. Sisi wazima, ila Shafik tumbo linamsumbua, na kila mtu anajua sababu.

Nakiri kwa maandishi: haikuwa kura. Nilichukua kikaratasi, nikaandika jina langu, nikabana pini. Ningekuambia juzi, lakini ulipotokea mlangoni saa nne asubuhi na lile sanduku jekundu mkononi, akili zote zilinitoka. Nikadhani umekuja kunirudishia zawadi yangu mbele za watu. Niliposema "karibu", niliangalia sanduku, si wewe.

Sasa nicheke kidogo. Aliyechota jina lako kwa haki kabisa ni Shafik. Alinifuata mara tatu kuniuliza akupe nini. Nikamwambia, mwaka huu mimi nafunga mdomo, nimejifunza. Laiti nisingenyamaza! Ulipofungua lile gazeti alilofungia zawadi yake nikaona jembe, nilitaka ardhi inimeze. Mwaka jana sanduku, mwaka huu jembe! Shafik maskini, kwa sababu ya sheria yangu mwenyewe, akasimama kueleza: "Mimi nilisikia tu kwa Muniru jembe yake ya zamani imeisha, inabaki kama kijiko."

Nawe ukashika kiuno ukamwangalia. "Shafik, wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu umupatie jembe. Miye nilifika hapa miaka ine. Muko munahesabu aje? Mulichelewa mingi!"

Munirah alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nasema alhamdulillahi chini chini, kama mtu aliyevuka barabara bila kuangalia.

Ya zawadi yangu sikuweza kusema kitu siku ile, ndiyo maana naandika. Ulinipa kile kitenge cha manjano chenye ndege, kimefuliwa na kupigwa pasi, na pale penye fundo pamebaki na makunyanzi ambayo pasi haikuyatoa. Zamu yako ya kueleza ilipofika ulisema, "Sina kazi nayo tena, Yaya," ukakaa. Wageni wengine walidhani umenipa kitu kikuukuu. Niliona wanaangaliana. Waache. Nimekitandika kwenye meza ya kulia, na mtu akikiwekea sufuria ya moto tutagombana.

Sasa sikiliza la leo. Asubuhi niliingia chumba cha nyuma kufagia. Sanduku jekundu liko chini ya kitanda. Nikalivuta, nikalifungua. Najua si adabu, lakini unanijua. Nguo zako zote zimo, zimekunjwa, hata sketi ya kanisani. Karatasi ya duka imetoka. Ndipo nikakumbuka jana ulivyopanda Fuso ya Muniru: jembe begani, na mkono mwingine mtupu. Mimi nilisimama barabarani kukupungia, sikuelewa nilichokuwa naona. Nimekaa kwenye kitanda chako nikalia vizuri, bila haraka.

Sijagusa kitu. Nimelirudisha lilivyokuwa.

Halafu nikaenda jikoni kutafuta ufunguo niliokurudishia juzi, kama umeuacha tena juu ya sufuria. Nimeinua masufuria yote. Haupo.

Basi utunze, maana sina mwingine.

Dada yako,
Hajara