Bolti Inayotaka Watu Wawili

Mama Rozalia, shikamoo. Nimepoteza mume tangu Machi mwaka huu, hajafa, yuko Lindi anatengeneza pikipiki kwenye gereji ya mtu wakati gereji yake iko hapa Likombe, naomba unisaidie mawazo maana yangu yameisha.

Mimi ni fundi pikipiki, nilianza kwa kuziba pancha Chuno nikiwa na pampu ya mkono na karai la maji, sikushikwa mkono na mtu, leo nina banda la mabati na wateja wanatoka mpaka Naliendele. Hemedi alikuwa bodaboda wa Msimbati, akaja na shokapu za mbele zinavuja oili, nikabadilisha sili, zile raba za kuzuia oili, hazikupita wiki mbili karudi zinavuja tena, mara ya tatu nikamwambia kaka, sili haziozi hivi, wewe unaipitisha pikipiki kwenye maji ya chumvi makusudi, akanijibu, "Ungekuwa unauza mihogo ningekula mihogo, sasa wewe unauza sili." Ndivyo tulivyooana.

Sasa Mama, kinachonitesa ni bolti ya chini ya shokapu. Ukiizungusha kwa ufunguo wa L namba nane, bomba la ndani nalo linazunguka, bolti haitoki hata ukeshe, kwa hiyo mmoja anatumbukiza spana ndefu ya T kwa juu analizuia bomba, mwingine analegeza kwa chini. Hemedi ndiye alikuwa anashika. Mimi nimelala chini kwenye boksi, yeye kaegemea juu, uso wake siuoni, nasikia pumzi zake tu, akisema "haya" nazungusha. Miaka yote minne ya ndoa yetu haikutushinda bolti hata moja.

Huo mwezi wa tatu alikuja mteja wa bandarini, Mathayo, mtu wa utani, akauliza, "Kati yenu fundi ni nani?" nikasema fundi ni mimi, huyu ananishikia tu, watu wakacheka, Hemedi naye akacheka. Alishika mpaka kazi ikaisha, akanawa mikono. Wiki iliyofuata akasema kuna rafiki yake Lindi anahitaji mtu, akapanda basi. Sikumfukuza, sikumtukana, sikumnyima chakula, nimekaa nikihesabu makosa yangu napata sifuri.

Juzi kamtuma mdogo wake Idrisa. "Shemeji, kaka anasema umtengenezee pikipiki yake aliyoiacha, shokapu zinavuja. Ijumaa baada ya sala nakuja kuichukua nimpelekee." Basi nimeifungua, springi nimetoa, bolti ya mguu wa kushoto wa shokapu inazunguka bure. Njia ninazijua, gereji ya jirani wana mashine ya upepo, inaing'oa kabla bomba halijapata habari, au unachonga mpini wa ufagio unaubana ndani. Fundi Fredi naye kajitolea kuja kushika, nimemkatalia, sitaki pumzi za mtu mwingine pale juu. Kila nikiiangalia ile bolti naona ndiyo kitu chake cha mwisho kilichobaki hapa, ikitoka na yeye kaondoka moja kwa moja. Niifungue au niiache? Na usinizungushe Mama, bolti inatosha. Nijibu kabla ya Ijumaa.

Fundi wa Likombe

MAMA ROZALIA ANAJIBU

Marahaba, fundi. Pole. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa kaa nikuseme.

Umehesabu ukapata sifuri? Hesabu upya. Mtu aliozesha sili zake ili apate kukaa karibu nawe, wewe ukaja kusema mbele ya wateja kwamba anakushikia tu. Mimi umeniandikia mwenyewe, bila wa kushika bolti haitoki hata ukeshe. Hayo umeniambia mimi nisiyejua hata spana. Hemedi ulimwambia lini?

Na yeye simwachi. Mwanaume mzima kachomwa na neno moja, badala ya kulisema kapanda basi, sasa anamtuma mdogo wake kama anayefuata sufuria aliyoazimisha. Ila kuna jambo umelipita. Kule Lindi anashinda gerejini, sili zipo, mafundi wapo. Kwa nini basi shokapu zake zifunguliwe na wewe? Anajua bolti ile inataka watu wangapi.

Kwa hiyo mashine ya upepo isiguswe kwanza. Fredi abaki kwake, hapo umefanya vizuri. Leo hii chukua simu umpigie mwenyewe, usitume ujumbe, usimpitie Idrisa. Kwanza mwambie bila yeye bolti haitoki, na akirudi ulirudie hilo Mathayo akiwepo, kwa sauti ileile uliyotumia siku ile. Akikataa, au akikaa kimya, nenda kwa jirani, iondoe kwa upepo, weka sili mpya, oili kipimo kimoja miguu yote miwili, umkabidhi Idrisa pikipiki nzima. Kulia utalia kazi ikiisha. Usimshikilie mtu kwa shokapu mbovu.

Swali lako kwake ni hili, usilipambe: "Hemedi, unakuja kushika, au niifungue kwa upepo? Nataka jibu nilisikie kinywani mwako, kabla ya adhana ya adhuhuri, Ijumaa."