Kofia Zilizozunguka Kinyume

Makorora, Tanga
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na majirani wa Bweni, na kwamba goti limepunguza maumivu. Sisi huku hatujambo, Mungu anatulinda.

Usishangae kuona mwandiko wa Eliudi. Simu yangu imeingia maji, na mikono yangu haiachi uzi, kwa hiyo mimi nasema na mume wangu anaandika. Mke ameshika kulabu, mume ameshika kalamu. Anacheka hapa nikisema hivyo.

Kombo, kondakta wa basi la Pangani, atakukabidhi kofia kumi na mbili za watoto njiti. Nimezipanga kwa namba kama nilivyozifuma. Zimebaki nane kutimiza ishirini za fungu langu katika kikundi chetu cha wafumaji. Ndani ya kila moja nimeweka alama yangu, mshono mmoja wa kijani. Naomba uzi mweupe, mabonge matatu, uyaviringe juu ya karatasi za kalenda kama siku zote. Nikifika kwenye karatasi najua bonge limekwisha, nasoma tarehe ya mwaka juzi.

Eliudi anakusalimu sana. Kwaya yake inajiandaa kwa Pasaka. Anasema usihangaike kumpigia simu mchana, ghalani kwao hawaruhusiwi kupokea.

Mwanao,
Leticia


Bweni, Pangani
7 Februari 2024

Mwanangu Leticia,

Marahaba. Kifurushi kimevuka na pantoni ya saa tano, kimefika kikavu. Goti linauma asubuhi, mchana linanisamehe. Mshukuru Eliudi kwa mwandiko wake mzuri. Wanaume wa kumwandikia mke barua ni wachache.

Sasa kazi. Unajua sifichi. Kofia ya kwanza hadi ya saba ni safi. Ya nane hadi ya kumi na mbili zimezunguka kinyume. Kulabu yetu hutembea kuelekea kushoto. Katika hizo tano imetembea kuelekea kulia, vifundo vimelala upande usio wake, na uzi umelegea kama wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mkono huo si wako. Nilikufundisha ukiwa na miaka tisa, naujua mkono wako kuliko ninavyoijua sauti yako.

Umempa nani kazi? Na kibaya zaidi, ndani umeweka alama yako ya kijani. Kuitia alama yako kazi ya mtu mwingine ni uongo, na nimeandika hivyo kwenye daftari la ukaguzi la kikundi: Leticia, kofia tano, uongo. Kama kuna mtu anaingia chumbani kwako kukusaidia, nitajie jina lake, nami nitamfundisha mwenyewe. Kofia hizi zinakwenda kwa watoto wa kilo moja. Hatuwavishi uongo.

Mabonge matatu yamo humu.

Mama yako


Makorora
11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Barua yako Eliudi amenisomea mara mbili. Pale ulipoandika juu ya mtu anayeingia chumbani amenisomea mara tatu. Ameniuliza kwa kirefu, na jambo hilo limekwisha humu ndani, kama yanavyopaswa kuisha mambo ya nyumba. Hakuna mtu. Kazi ni yangu. Nakuomba usiandike tena habari za watu.

Natuma kofia nne. Doa kwenye ya pili ni kutu ya kulabu, usijali.

Eliudi anasema nikufikishie salamu, na kwamba mke anayefundishwa na watu wawili hafundishiki.

Mwanao,
Leticia


Bweni
14 Februari 2024

Leticia na Eliudi, wanangu,

Nimepokea kofia nne, nimeridhika. Mambo ya watu yamekwisha, ni uzee wangu tu. Natuma bonge dogo jeupe. Ni mabaki, lakini linatosha kofia moja. Nawatakia Kwaresima njema.

Mama yenu

Karatasi ya ndani ya bonge

Leticia mwanangu,

Karatasi hii hakuna wa kukusomea. Isome mwenyewe, kisha iteketeze.

Jana nilipanga mbele yangu kofia zote tisa za kinyume. Nikaona kwamba mfumaji ni mmoja na anaendelea kujifunza, kila kofia uzi umekaza kuliko iliyotangulia. Nikaona pia kwamba kila moja imefungwa mwishoni kwa mafundo mawili ya bibi yako, ambayo sijamfundisha mtu mwingine duniani isipokuwa wewe. Nikaihamishia kulabu mkono wangu wa kushoto. Mizunguko mitatu tu, nikatoka jasho. Nikaiweka kando ya kazi yako. Ni kitu kilekile.

Mkono wako wa kulia una nini?

Na kutu naijua. Kutu haitoki kwa maji baridi na chumvi. Doa lako limetoka.

Nilimpigia Eliudi mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umelala, saa nne asubuhi. Mara ya pili ulikuwa sokoni, na nyuma yake nilimsikia mtu akikohoa kikohozi chako. Nikija bila kujua lolote atanipokea kwa soda na maneno matamu kama Krismasi, nami nitarudi nikiwa nimeshiba. Niandikie kweli. Viringa uzi mbovu juu ya karatasi, useme unanirudishia.

Mama yako


Makorora
20 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Huu ndio mwandiko wangu wa sasa, wa kushoto. Herufi zinaegemeana kama walevi. Nitaandika kwa tarehe, kama nilivyozoea daftarini.

27 Januari, saa kumi jioni. Nilikuwa mzunguko wa mwisho wa kofia ya saba. Eliudi aliniita. Nikasema, "Nimalizie huu." Akasema, "Kumbe humu ndani kuna bwana mwingine, anaitwa uzi." Aliuchukua mkono wangu wa kulia, akauweka penye bawaba, akaufunga mlango. Vidole vitatu. Akaniuliza, "Utafuma na nini sasa?" Simu aliitia kwenye ndoo mbele yangu. Hospitali hatukwenda.

28 Januari. Ya saba ilikuwa imebaki kufungwa tu. Niliifunga, nikaanza kofia ya nane kwa mkono wa kushoto.

4 Februari. Aliandika barua ile. Maneno yangu mle ni yale ya uzi na kalenda tu. Mzaha wa kulabu na kalamu ni wake.

9 Februari. Barua yako ilifika. Alitaka jina la mwanamume. Nilisema hakuna. Alinipiga kwa mkanda, upande wa chuma, akihesabu kama anavyoihesabia kwaya, moja mbili tatu nne, kisha anaanza tena moja. Kila baada ya nne alitaja mwanamume mmoja wa mtaa huu na kungoja nikubali. Alifika hadi kwa muuza maji. Jino moja limetoka. Doa lile ni damu yake. Sikulaumu, mama. Ulikuwa unakagua kazi.

Tangu siku hiyo hufunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Jirani yetu Bi Time, yule mama wa Pemba, hunipa maji na chakula dirishani. Daftari langu la tarehe nimelipitisha kwake katikati ya nondo. Anasema, "Mwanangu, huyu mwalimu wa kwaya ipo siku nitamwimbisha mimi."

Vifurushi huvipeleka kwa Kombo yeye Eliudi mwenyewe. Hata hiki atakipeleka kwa mkono wake.

Njoo, mama.

Mwanao,
Leticia


Bweni
23 Februari 2024

Karatasi ya ndani ya bonge

Mwanangu,

Nimesoma. Nimesoma tena.

Tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi, Eliudi akiwa kazini, nitafika mlangoni kwako na mama mchungaji, afisa ustawi, na askari wa dawati la jinsia. Nimezungumza nao wote, wamekubali. Mwambie Bi Time. Kabla ya siku hiyo usimjibu Eliudi neno, usibishe, usijaribu kukimbia peke yako.

Bonge hili limebidi liwe kubwa, mabonge madogo mawili mfululizo yangemshangaza. Ifikie karatasi hii kwa mwendo wako wa kawaida.

Ya tarehe 7 nimeyaona niliyoyafanya. Nitakuomba msamaha ana kwa ana. Karatasi haitoshi.

Mama yako


Wodi ya wanawake, Tanga
27 Februari 2024, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Natumaini umelala salama. Mimi ni mzima kwa kadiri ya leo. Mbavu mbili zimevunjika, shingo imevimba, na daktari amevivunja upya vile vidole ili viungwe sawa. Askari wa kike amekaa mlangoni. Bi Time anasubiri niandike ampelekee Kombo.

Kosa nilifanya mimi. Ulinifundisha kwamba bonge jipya halianzwi kabla la zamani halijaisha. Miaka kumi ya ndoa Eliudi ameniona nikifuata hivyo hata nikiwa na homa. Jana la zamani lilikuwa limebaki nusu, na mkono wa kushoto ni mzito. Nikaogopa kwamba tarehe yoyote uliyoipanga itanipita kabla sijaifikia karatasi. Nikaanza jipya.

Alirudi saa saba kula. Akaona mabonge mawili kapuni, yote yameanzwa. Aliketi, akashika ncha ya lile jipya, akavuta taratibu. Uzi ukajaa miguuni kwake hadi karatasi ikaanguka. Aliisoma kwa sauti ile ya kusomea kanisani. Akasema, "Tarehe ishirini na nane. Haya, watamkuta nani?"

Aliniangusha na kunipiga mbavu kwa kiatu. Kisha akauokota ule uzi, uzi wako, akanizungushia shingoni mara sita au saba, akavuta. Uzi wa mtoto njiti ni laini, mama, lakini ukiwa saba haukatiki. Macho yaliingia giza. Kulabu ilikuwa bado katika mkono wangu wa kushoto, pamoja na kofia ya ishirini. Nilimchoma chini ya taya. Ilipanda hadi mdomoni. Alipojaribu kuichomoa ikashika nyama kwa ndani, maana kazi ya kulabu ni kushika. Akaiacha shingo yangu.

Hamad, mume wa Bi Time, alivunja mlango kwa mchi wa kinu. Bi Time alimkuta Eliudi amepiga magoti, damu inachuruzika kwenye shati, kofia ya mtoto inaning'inia kidevuni. Akamwambia, "Mwalimu, leo tunaimba sauti ya ngapi?" Halafu akanikata uzi shingoni kwa kisu cha samaki huku analia.

Eliudi yu hai, wodi ya wanaume. Hawezi kusema, ulimi umetoboka. Polisi wamempa kalamu na karatasi aandike maelezo, nawe unajua anavyoandika. Bi Time amesikia kwamba amefika ukurasa wa nne. Ameandika kwamba nina mwanamume, kwamba nilimvizia akila, na kwamba shahidi wake ni mama yangu mzazi. Barua yako ya tarehe 7 ameitoa. Ile aliyoisoma jana, ya ndani ya bonge, haionekani. Mimi naitwa mtuhumiwa. Nimewaambia sitasema kitu mpaka daftari langu la tarehe lifike, na Bi Time akitoka hapa atakwenda kulitoa kwenye pipa lake la mchele.

Ninaogopa kalamu yake kuliko nilivyouogopa mkanda.

Kofia ni kumi na tisa. Ya ishirini imebakiza mizunguko miwili, lakini kulabu iko polisi, ni kielelezo.

Mwanao,
Leticia


Bweni
27 Februari 2024, saa saba mchana

Mwanangu Leticia,

Marahaba, marahaba. Mungu amekuacha uniamkie.

Kombo anageuza basi saa nane, nampa hii itangulie. Mimi sipandi naye kwa sababu moja. Kofia kumi na sita ziko kwa mama mchungaji, na alikuwa amezifunga azipeleke wodini leo. Nakwenda kuzizuia. Watoto watatusamehe wiki moja. Kesho saa nne tuko hapo, wote niliowataja. Saa haikubadilika, umebadilika mlango tu. Mpaka hapo usitie sahihi chochote.

Barua ya tarehe 7 ni yangu na sitaikana. Niliandika juu ya mtu ambaye hayupo, naye akakupiga kwa ajili ya mtu huyo. Nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeuliza, nitaitoa na barua yako ya mkono wa kushoto, kisha nitaomba meza. Nitawapangia kofia kwa namba. Saba zimekwenda kushoto, tisa zimekwenda kulia. Kisha nitachukua uzi niwafumie pale pale mzunguko mmoja kwa kila mkono, waone kwa macho yao kwamba kati ya ya saba na ya nane kuna mlango uliofungwa. Na daftari lako litawatajia siku. Kurasa nne za Eliudi ni nzuri, lakini mwandishi wake hajawahi kufuma.

Nakuletea kulabu nyingine na mizunguko miwili ya uzi. Ya ishirini utaimalizia kitandani, kwa kushoto, kinyume kama zilivyo nyingine, nayo itapita.

Daftari la ukaguzi nimelifungua leo. Lile neno la tarehe 7 sikulifuta, maana ukifuta wanasema umeficha. Nimeandika chini yake, na mama mchungaji atatia sahihi: Kofia tano ni za Leticia, mkono ni wake. Aliyekosea ni mkaguzi.

Mama yako