Insha ya uji ambayo sikuisoma

Mshauri, nisaidie. Jumapili iliyopita mama yangu, Mukagatare, alisema marehemu dada yangu amemsomea insha ambayo mimi bado sijamaliza kuitunga.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbugangari. Dada yangu Denyse alifariki mwezi wa pili, akaacha daftari la insha za kuchekesha kuhusu mapishi, kuna ile ya paka wa ufukweni Rubona anayekagua ndoo za sambaza, wale dagaa wa ziwani, kama afisa wa mpakani na kupiga muhuri kwa ulimi, na mama, ambaye hajui kusoma na tangu mazishi alikuwa amekataa chakula, alianza kula nilipomsomea, anakula tukicheka, nikifunga daftari anasukuma sahani. Mwezi wa sita daftari liliisha. Sikumwambia. Nikawa nafungua kurasa tupu na kutunga papo hapo kwa sauti ya Denyse. Jumapili hiyo nilikuwa na ya uji uliokataa kuchemka, iko kichwani tu, sijaiandika wala kumwambia mtu, na mwisho wake ulikuwa umenishinda. Nilipofungua daftari mama akasema, “Ile ya uji Denyse alishanisomea. Soma ingine.” Nikamuuliza iliishaje. Akasema uji ulichemka ulipoona mgeni anaaga. Nilicheka, mshauri, halafu nikafungua ukurasa mwingine mtupu. Nikiungama, ataacha kula. Nikiendelea, sijui ni nani tunasoma naye.

Larissa, Mbugangari

Larissa,

Pole kwa msiba. Kwenye uji nami nilicheka.

Kumdanganya mama mfiwa ni kosa, hata akishiba. Tena ulimdharau: mzazi hasahau sauti ya mwanawe, na huenda alijua tangu ukurasa mtupu wa kwanza. Nani alimsomea ya uji, sijui. Wewe pia hujui, kwa hiyo usimzungushe kwa waombezi kutafuta jibu.

Kilicho hatarini ni mwili wake. Jumatano mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na damu. Kisha mwambie kweli, na urudie ya paka. Unaogopa nini? Insha nzuri ya jikoni ni kama maharage, ikipashwa moto hunoga.

Akisema amesomewa nyingine, usibishe. Mwombe aisimulie, uiandike bila kugusa mwisho wake, uweke tarehe. Anza Jumapili tarehe 14, baada ya misa. Sahani iwe mezani kabla ya kalamu.