Jibu Alilonipa Kaka Laurenti

Matombo, 4 Machi 2024

Kaka Laurenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Mimi nimesharudi nyumbani kutoka wodini. Kidonda cha operesheni kinakauka, na mkono wa kushoto nanyanyua mpaka usawa wa bega, kwa hiyo mboga nakata mwenyewe, mwanangu Irene akininunia. Sijui huko Kingolwira mnaendeleaje, wewe na wifi Angelina, na wale waumini wako, maana katekista akipata mafua kigango kizima kinakohoa.

Barua hii nampa dereva wa fuso la ndizi. Huku kwetu simu inakatika katikati ya neno, na mimi nina mengi.

Kwanza asante kwa kuibeba ile chupa yenye kipande cha uvimbe wangu kuipeleka maabara Dar. Daktari Abel alisema pale kwao mashine ya kipimo hicho hawana, ndugu ndio wanaopeleka. Nilimwuliza, kipimo cha nini tena na titi mmeshalitoa? Akanieleza kwamba saratani za titi hazifanani. Nyingine zina alama juu yake, wanaiita HER2, na ipo sindano inayoitafuta alama hiyo hiyo na kuipiga. Mwenye alama inamsaidia sana. Asiye nayo ni kama kumchoma maji. Nikamwambia, daktari, nimekuelewa kwa mgomba. Migomba miwili inanyauka sawasawa, huwezi kuitofautisha kwa macho. Ukiikata shina, mmoja una fukusi ndani, mwingine hauna. Wenye fukusi una dawa yake. Ule mwingine ukiumwagia dawa ya fukusi unapoteza nguvu tu. Daktari alicheka, akasema atawafundishia hivyo wanafunzi wake.

Basi kaka, mimi ni mgomba uliokatwa, nangoja kuambiwa kilichoonekana ndani. Alama ikiwepo niambie, isipokuwepo niambie pia. Usinifiche kama mtoto.

Ni mimi mdogo wako,
Prisca


Kingolwira, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Prisca,

Milele, amina. Marahaba. Sisi huku wazima, ila wifi yako goti linamsumbua akipiga magoti kanisani, anakaa.

Majibu yametoka. Alama haipo. Nimeambiwa kwa mdomo, karatasi hawakunipa, usijisumbue kuitafuta. Mwambie daktari akuanzishie dripu za kawaida.

Najua ulitarajia. Lakini wewe ni mama wa WAWATA, umoja wa wanawake wa kanisani, umefariji wengi. Mungu amesema hapana, na hapana ya Mungu huwa ina upendo ndani yake. Ipokee. Toa sadaka ya misa kushukuru.

Kaka yako,
Laurenti


Matombo, 20 Oktoba 2024

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Ni muda mrefu sijaandika, dripu zilinilaza. Nywele zilitoka zote, nikawa kama yai. Sasa zinaota upya, laini kama za mtoto, na Irene ananiita bibi harusi.

Ile misa niliitoa. Padri alisoma nia yangu mbele ya watu, kwamba Prisca anamshukuru Mungu kwa jibu alilompa. Daktari alikuwa ametaka karatasi ya majibu. Nilimwambia sina, nimeletewa na kaka yangu, naye ni katekista, hasemi uongo. Hakubishana. Aliandika kwamba hali ya alama haijulikani, tukaanza.

Sasa kaka, kuna kinundu chini ya kwapa. Si kikubwa, ila kipo, na jana niliamka nikakikuta kimeshikana, hakisogei.

Wodini nilimpata rafiki, Mwanvita wa Mwembesongo, muuza vitumbua. Yeye kipimo chake kilikuwa na alama. Anachomwa ile sindano na amesharudi kwenye jiko lake, anawatukana wateja kama zamani. Nilimwonea wivu, nimeungama. Nilipomwambia habari ya kinundu na ya majibu yangu ya mdomo alinikazia macho. "Wewe Mkatoliki, majibu ya saratani unaletewa kama salamu za harusi? Nenda kaulize mwenyewe." Nikamwambia kaka yangu alishauliza. Akasema, "Basi kaka yako ndiye anayeumwa."

Nimeamua nitakwenda Dar na Irene.

Mdogo wako,
Prisca


Kingolwira, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiende Dar. Utachoka bure, na maabara zile chupa hawatunzi muda wote huo. Vinundu vingine ni vya kidonda tu. Huyo mama wa vitumbua asikutie mashaka juu ya damu yako.

Tunakuombea rozari kila jioni.

Kaka,
Laurenti


Matombo, 2 Desemba 2024

Kaka Laurenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo.

Nilikwenda. Kijana wa maabara alikuwa na heshima, aliniita mama. Alitafuta jina langu kwenye kompyuta, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Akamwita mwenzake naye akatafuta. Kisha akaniambia polepole, kana kwamba mimi ndiye nimekosea, "Mama, hapa hatujawahi kupokea kitu chako."

Nikamwambia kaka yangu alileta. Akauliza, alileta lini, alimkabidhi nani? Irene alinishika mkono tukatoka nje, tukakaa kwenye ukuta mfupi. Alisema maneno juu yako ambayo nilimkataza kuyarudia. Nilikutetea kaka. Pale kwenye ukuta nilikutetea, nikasema labda uliibiwa stendi ya Msamvu ukaona aibu.

Tuliporudi, Daktari Abel alikata kipande kwenye kinundu, na safari hii nimekipeleka mwenyewe. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama Irene, nani alikwambia hakuna alama?"

Na mimi nakuuliza wewe. Nyama yangu uliipeleka wapi?

Prisca


Kingolwira, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeandika na kuchana mara nyingi.

Unamkumbuka baba na mkono wake. Mashine ya mkonge ilipoukata, hospitali waliuchoma na takataka. Wewe ulikuwa mdogo, mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja mpaka anafariki. Kila homa ikipanda aliuliza, mkono wangu umelala wapi.

Siku ile nilifika Msamvu na chupa kwenye mfuko. Nikaitazama. Nilijua wakishapima wataichoma na takataka, kama mkono wa baba. Mwili uliobatizwa, Prisca. Basi la Dar liliita watu, miguu ikakataa. Nikapanda gari la Matombo. Wewe ulikuwa bado wodini. Niliizika ubavuni mwa kaburi la mama, nikasoma sala zote kama inavyotakiwa. Nilirudi nikiwa na amani.

Nilidhani dripu zitakutosha. Barua yako ilipokuja ikitaka jibu, niliona nikikwambia nimezika utalia. Nikaona hapana ndiyo itakayokutuliza.

Sikukusudia ubaya. Niruhusu nikusindikize kwenye hayo matibabu mapya. Nitakesha na wewe huko huko. Wifi yako analia.

Kaka yako,
Laurenti


Matombo, 26 Januari 2025

Kaka,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Nimekaa na barua yako Krismasi nzima, sikutaka kukujibu na hasira kabla ya komunyo.

Majibu yametoka. Alama ipo. Daktari alinionyesha kwenye karatasi, namba tatu na alama ya kujumlisha, akasema hiyo ndiyo ya juu kabisa. Ilikuwepo tangu mwanzo. Ilikuwa ndani ya ile chupa. Nimeanzishiwa sindano Jumatano iliyopita. Nilimwuliza, daktari, kuchelewa huku kumenipunguzia kiasi gani? Alitazama dirishani. Saratani imeshafika kwenye ini, kidogo. Alisema sindano bado itasaidia. Hakusema itaponya, na mwezi wa tatu angelisema.

Habari ya mkono wa baba nimeielewa, na nimelia kwa ajili yako, kijana wa kulala na swali kama hilo. Lakini mkono wa baba ulikuwa umemaliza kazi. Kipande changu kilikuwa njiani kwenda kuulizwa, nawe ukakisomea sala za marehemu, mwenyewe nikiwa wodini nakula uji.

Hata hilo la kuzika ningelimeza. Ungeniambia Aprili, "Prisca, nimefanya ujinga, nimezika," ningekufokea mpaka fuso la ndizi lisimame. Kisha daktari angetafuta njia nyingine, maana nyama yangu nyingine ilikuwa imebaki pale pale hospitali, aliniambia mwenyewe. Wangekata kipande kingine tu.

Wewe uliniletea hapana, ukasema ni ya Mungu. Nililipokea jibu lako kwa magoti. Nililitolea sadaka ya misa. Usiku wa dripu nikitapika nilisema, Bwana, wewe ndiwe uliyesema hapana, basi nipe nguvu. Naye hakuwa amesema kitu. Miezi yote ile nilikuwa najibizana na wewe, nikidhani ni yeye. Sasa kwenye Baba Yetu nikifika "utakalo lifanyike" nasikia sauti yako. Nafunga mdomo, nawaacha wenzangu wapite, naungana nao kwenye mkate wetu wa kila siku.

Padri ananiambia nisamehe. Nasamehe kila asubuhi, ikifika saa nne msamaha umeshaisha.

Usije kunisindikiza. Irene yupo, na Mwanvita ameapa atakuja na vitumbua vyake kuwalisha manesi wote. Jumatano nesi aliniuliza, mama, ndugu yupi apewe majibu yako yakitoka? Ukoo wetu unajua jina la kutaja hapo ni la nani. Nilimwambia hakuna. Nitayafuata mwenyewe, na nikishindwa kutembea nitabebwa, lakini nitaambiwa mimi.

Msalimie wifi. Mwambie goti alikande na maji ya chumvi, na kwamba yeye sina neno naye.

Mdogo wako,
Prisca