Miguu ya Pacha

Kebirigo, Nyamira
Jumatano jioni

Kwa nusu yangu mpendwa, Tryphosa,

Nakusalimu kwa upendo ambao haujapungua tangu tulipolala tumbo moja. U hali gani huko Ogembo? Mama naye, kifua kimetulia? Mwambie chai ya huku imeipenda mvua, na kwamba binti yake Persis ameolewa, akaolewa kweli! Huu ni mwezi wa tatu, na bado nikisikia pikipiki ya Mose ikipanda kilima naacha ugali motoni na kukimbilia kioo.

Ningekupigia simu, lakini humu ndani kila neno linasikika, na mama mkwe hupenda kuomba simu akusalimu. Barua hii nampa Otiende, yule mwenzake Mose wa duka la mbolea, atakayepita Ogembo kesho.

Unajua mume wangu anavyopenda gofu. Ukimwona kiwanjani Kisii! Miguu imeganda nyasini, kiuno kinazunguka, mabega yanafuata, mpira unapotea angani naye amesimama amejipinda kama upinde. Mimi hupiga makofi peke yangu mpaka watu wanageuka. Kwa kuwa Jumamosi ni Sabato, mazoezi ya wiki nzima huyarundika Jumapili, mipira mia tatu kabla ya chakula cha mchana.

Mgongo ulianza kumuuma wiki ya pili baada ya harusi. Otiende aliniuliza mbele ya watu, ati shemeji, una hakika ni gofu, au bwana harusi ana kazi nyingine ya kiuno? Niliona haya, lakini nilifurahi pia, nisikufiche. Mama mkwe hakucheka. Alisema dawa imo nyumbani, kwani mkewe ni pacha, na miguu ya pacha huponya mgongo.

Unakumbuka majirani walivyotuita tuwakanyage wazee migongo, wakatupa ndizi? Basi nikamkanyaga Mose. Aliinuka akicheka, akanibeba toka sebuleni hadi jikoni, Tryphosa, akaniita dawa yake! Tangu siku hiyo kila jioni alilala kwenye mkeka, nami nikapanda.

Mwezi uliopita mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Tulikwenda hospitali, daktari akatuonyesha picha ya pingili za chini za uti wa mgongo. Alisema gofu haimdhuru anayepasha mwili moto na kuimarisha misuli ya tumbo, ila kujipinda upande uleule mara mamia kwa siku huchosha vile vitu laini vilivyo katikati ya mifupa. Kimoja cha Mose kilikuwa kimetokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Akamkataza kupiga mpira wiki sita. Akamkataza pia kukandwa wala kubonyezwa mgongo na mtu yeyote. Njiani Mose alisema daktari yule hamjui mke wake. Nami nikacheka.

Alipumzika siku nane tu. Jumapili iliyopita kulikuwa na shindano, akaenda. Alirudi na kikombe mkononi, ameinama kama aliyebeba gunia, na mama mkwe akatandika mkeka.

Sasa wote wanasema gofu imemmaliza. Mama mkwe amezifungia zile fimbo stoo. Mose mwenyewe anasema alijipinda vibaya kwenye shimo la saba, na mimi naitikia.

Si gofu peke yake, dada yangu. Jumapili ile nilipanda kwa miguu yote miwili, kwa uzito wangu wote, kwa sababu aliniomba nikaze, na kwa sababu nilitaka aniite tena dawa yake. Kitu kililia chini ya kisigino changu kama bua la mahindi. Hakupiga kelele. Tangu Jumatatu anaburuta mguu. Leo asubuhi shuka lilikuwa limelowa naye hakuwa na habari. Nilimwambia nimemwaga maji ya kunywa. Aliniamini.

Mama mkwe anasema pacha mmoja ni nusu ya dawa, ndiyo maana amekuita Ijumaa tumkanyage wote wawili. Nakusihi, usimpande. Hata Mose akikuomba mwenyewe, na ana njia tamu ya kuomba. Otiende anakuja na gari usiku huuhuu tumpeleke hospitali kwanza. Mama mkwe hajaambiwa. Nitamweleza daktari kwa kinywa changu nani alimkanyaga, na kwamba nilimkanyaga nikijua amekatazwa. Mose atakuwa amelala pale anasikia. Sijui ataniita nani baada ya hapo.

Ukipata barua hii njoo, lakini njoo hospitali. Msalimie Mama, usimsomee ukurasa wa pili. Niombee mume wangu asimame.

Ni mimi pacha wako, bado mke wa Mose,
Persis