Vidonge vya Gervasi

Mpwa wangu Yustina,

Hamjambo hapo Kasulu? Huku Kibondo baridi inauma, maharage ni matamu, ila mjomba wako Gervasi atanitoa roho. Si unajua tangu masika hali chakula, hacheki, anatazama ukuta tu? Nikamfikisha hospitali. Daktari alinieleza mimi, akakiri hajaona kichwa kama changu kwa mtu wa darasa la nne: ubongoni mna kitu kiitwacho serotonini, kinachopitisha habari za furaha, usingizi na hamu ya kula. Kwa Gervasi hazipiti vizuri. Akapewa vidonge, kimoja kila jioni, mwezi mzima.

Jana wakwe zake walikuja kumjulia hali. Narudi kutoka sokoni, kopo la vidonge li tupu, wakwe wamelala mkekani mchana kweupe! Gervasi amewagawia wote, eti ni aibu kumeza peke yako mbele ya wageni. Nilifoka mpaka kijiji cha Kitanga wakanisikia.

Gervasi akanitazama. "Pole, kaka. Kumbe ningekubakizia wewe."

Akacheka, Yustina!

Kesho narudi kwa daktari kuomba vingine, na kopo nitalilalia mimi. Mwambie mama yako kwamba mdogo wake amecheka.

Mjomba wako anayewapenda, ingawa mnamchosha,
Daudi