Sufuria Moja ya Ijumaa

Mtaa wa Santiago,
Mérida, Yucatán.
Jumapili, 23 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Emelina,

Hujambo huko Winnipeg na theluji yenu? Goti limekubali kupanda ngazi, au bado linakununia? Na shemeji Duncan, kile kifua kimepoa? Sisi huku tu wazima. Joto limeanza mapema, tunalala kwenye machela ya kuning'inia na feni usiku kucha. Mimi nakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayesema sana. Usicheke.

Nina habari, na nimekaa makusudi niiandike yote kabla Jalil hajakupigia simu akaiharibu. Mwanangu huyo hajui kusimulia.

Unajua tangu amwoe Nelsy, kila Ijumaa ya Kwaresima wale wawili hula supu ya dengu mara mbili. Saa sita kwa Bi Addy, mama yake Nelsy, na saa nane kwangu. Ya Bi Addy ina nyanya za kuchoma, ndizi mbivu na pilipili mbuzi. Yangu ni ile ile ya Mama: spinachi, limau, bizari nyembamba na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakaribia kuungua. Na hakuna ruhusa ya kubakiza. Bakuli likirudi na kitu, mimi huuliza nimekosea wapi, na nasikia Bi Addy naye huuliza hivyo hivyo.

Basi mwaka huu Jalil akaja, akasimama mlangoni mwa jiko langu kama mtu wa kodi. "Mama, tumechoka. Matumbo ni yetu. Pikeni sufuria moja, wewe na Bi Addy, kwetu. La sivyo Ijumaa zote tutakula samaki pwani, Progreso, na hamtuoni ng'o."

Nikamwambia aende, samaki wana miiba. Lakini alipoondoka nilikaa kitako. Ijumaa ndiyo siku pekee ninayowapata, Emelina. Siku nyingine wana kazi zao, mjukuu ana shule, na mimi naongea na feni. Niliogopa, sikufichi. Na supu ile ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho kinachonukia Mama. Nikiitia pilipili za watu, Mama atakaa wapi humo?

Ijumaa ikafika, nikaenda na sufuria yangu kubwa kwapani. Nikamkuta Bi Addy keshafika, na yake kwapani. Tukasalimiana vizuri mno, vile watu husalimiana msibani. Nelsy akachagua yangu kwa kuwa ni pana. Nikaona hapo nimeshapata bao moja.

Nikaanza kuosha dengu. Bi Addy akanitazama weee, kisha akauliza, "Mkwe, unaziosha au unazibatiza?"

Nikazisuuza tena. Yeye akachoma nyanya kwenye kikaango kikavu mpaka maganda yakawa meusi. Nikamwambia zimeungua. Akasema ndivyo zinavyotakiwa. "Hata marehemu mume wangu aliungua na jua hivyo hivyo," nikamjibu, "na hakuna aliyemtia kwenye supu." Nelsy akatoka jikoni mbio, amejishika mdomo.

Sasa sikia. Unakumbuka pilipili ya huku haikatwi. Hutiwa nzima na kikonyo chake, ikatembezwa kidogo mchuzini, ikaacha harufu, ikatolewa. Bi Addy akaitia yake, akaenda upande wa pili kumenya ndizi. Mimi nikaona dengu zimelainika. Nikafanya alichotufundisha Mama: nikachukua mchi wa mbao nikaziponda nusu yake mle mle sufuriani ili supu iwe nzito. Na unajua nikiponda hufumba macho, maana hapo ndipo ninapomwona. Nikaponda, nikaponda vizuri.

Harufu ikanipiga koo. Bi Addy akarudi na sahani ya ndizi, akachungulia. Kikonyo kilikuwa kinaelea peke yake.

"Mkwe, yuko wapi?"

"Nani?"

"Pilipili yangu."

Nikakohoa. Nikaonja kwa ncha ya kijiko, machozi yakanitoka. Sebuleni nilimsikia Jalil anapanga mabakuli. Nikajua imekwisha, tumewapeleka Progreso kwa mikono yetu. Nikashika sufuria nimwage.

Bi Addy akanishika mkono. "Umwage, halafu tuwaambie tumegombana? Mama yako chakula kikizidi ukali alifanyaje?"

"Mama hakuwahi kutia pilipili maishani mwake. Ikizidi chumvi aliongeza dengu na limau."

"Basi ongeza. Mimi nakaanga ndizi."

Tukachemsha dengu nyingine. Nikakamua malimau, yeye akakamua madanzi juu yake, nikatia spinachi fungu zima, yeye akamwaga ndizi. Sufuria ikajaa ikafurika, ikabidi tuchukue na ile yake. Kwa hiyo zikawa sufuria mbili jikoni baada ya kelele zote zile, ila supu ni moja. Sote wawili tulikuwa tunalia kwa pilipili na tunacheka, hata Nelsy akaja kuuliza kuna nini.

Jalil akaonja, pua ikaanza kuvuja. Akaonja tena. "Hii ni ya nani?"

"Kula," tukamwambia, mimi na Bi Addy, kwa pamoja.

Mabakuli yote yalirudi matupu bila mtu kutishwa. Nami nilimtafuta Mama humo, kijiko kwa kijiko. Limau lilitangulia, kisha bizari, na nyuma ya moto ule nikamkuta. Amewiva uso, lakini ni yeye.

Juzi Ijumaa mjukuu alishikwa na homa, tukaambiwa kila mtu ale kwake. Sasa hajambo kabisa, anaruka. Nikapika ile ya Mama peke yangu, kama zamani. Nikaonja. Nisamehe, mdogo wangu, ilikuwa imepooza. Nilikuwa nimekaa nayo mezani, nasikitika, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Addy, ambaye tangu watoto waoane hajawahi kukanyaga kwangu. Ameshika pilipili moja kwa kikonyo.

"Yangu leo haina limau," akasema.

Nikamvutia kiti.

Wasalimie shemeji Duncan na wanao, Selma na Colin. Nelsy anakusalimu, mjukuu anakubusu, na mkwe anasema anataka kukuona. Mungu akulinde na barafu, akupe goti jema na hamu ya kula. Ukija usiniulize supu ya Mama iko wapi. Wewe njoo na leso tu.

Wako akupendaye, dada yako,
Zahía